Niyoti Khanikar na Ukingo Unaomeguka

Niyoti Khanikar alikuwa na miaka minane mto ulipoichukua shule yao. Haikuwa siku ya dhoruba. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linachoma, mafuriko yamepita na maji yanashuka, na hapo ndipo mto wetu, Luit, unapokuwa mbaya zaidi, maana maji yakishuka ukingo unabaki mtupu kwa chini, mchanga umelowa chepechepe na hauna cha kuushikilia. Mwalimu alikuwa amewapanga watoto mstari nje ili awahesabu. Niyoti alikumbuka kwamba ameacha ndara zake chini ya dawati. Akaomba ruhusa akazichukue, akanyimwa. Alikuwa bado amenuna aliposikia mshindo, dup, kama wa gunia la mpunga lililotupwa kutoka juu ya lori, halafu mwingine, halafu ukuta wenye ramani ukainama taratibu na kwenda zake. Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu aliendelea kuhesabu. Akafika thelathini na moja, akaanza upya, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Sisi wa kisiwa cha Majuli sote tunauogopa mto. Lakini hofu yetu tumeizoea kama mtu anavyozoea mguu mbovu. Tunaamka nayo, tunakunywa nayo chai, na tukiinama kupanda mpunga tunaisahau. Hofu ya Niyoti haikusahaulika. Akitumwa maji alikwenda ameinamisha kichwa kutafuta nyufa, na akiuona ufa wowote, hata wa tope lililokaushwa na jua, alirudi mbio na ndoo tupu.

"Umeona nini tena?" mama yake, Labanya, alimuuliza bila kuinua macho kwenye kitanda chake cha kufumia nguo.

"Ufa, Ma."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kidole."

"Kidole cha nani, chako au cha baba yako? Wee mtoto, hebu nenda ukalete maji. Wali utapikwa kwa ufa?"

Baba yake, Bhadreswar, alikuwa fundi wa vinyago. Alitengeneza nyuso za mashetani, ndege na wafalme wabaya kwa ajili ya michezo ya dini katika nyumba ya watawa; alisuka kiunzi kwa mianzi, akakivika kitambaa kilicholoweshwa udongo, akapaka samadi na udongo tena, kisha rangi. Niyoti alijifunza kupasua mianzi kwake kabla hajajua kuandika vizuri. Siku moja alijaribu kutengeneza shetani peke yake, akamchongea meno marefu na macho makubwa, na watoto wa jirani walipomwona wakaangua kicheko. Alilia. Bhadreswar akamwambia, "Umemkasirisha shetani wako, ndiyo maana anachekesha. Mtengeneze ukiwa unamwogopa. Hilo wewe huhitaji kufundishwa na mtu."

Mara tatu katika utoto wake waling'oa nguzo na mabati ya nyumba yao, wakayabeba na kuyasimika upya mbali kidogo na mto. Alipomaliza darasa la kumi alikuwa ameishi katika nyumba nne, na zote zilikuwa nyumba ileile.

Alisoma sanaa Guwahati, kisha akapata nafasi ya shahada ya pili Baroda, upande wa pili wa nchi, siku tatu kwa treni. Huko ardhi ni kavu na ngumu. Kwa miezi miwili alilala usingizi ambao hajawahi kuulala. Kisha wakaanza ujenzi wa barabara karibu na bweni lao, malori yakawa yanapita, vioo vya madirisha vikitetemeka, na Niyoti akajikuta amesimama nje uwanjani na blanketi mabegani, wenzake wakimtazama kupitia madirishani.

Mwisho wa mwaka walitakiwa watengeneze kitu cha kwao. Wenzake wengi walifinyanga au walichora. Niyoti aliomba stoo moja tupu, akasuka sakafu nzima ya mianzi na kuitundika kwa kamba, shubiri moja tu kutoka chini. Chini yake akaweka spika. Ukutani pande zote aliwasha video ya maji ya Luit, rangi ya chai ya maziwa, yakipanda kidogo kidogo. Na katika spika aliweka mshindo ule, dup, alioupata kwa simu yake wakati wa likizo, akiwa amelala kifudifudi ukingoni huku baba yake amemshika miguu. Mgeni alivua viatu, akaingia, akatembea, na mshindo ulipolia sakafu ilizama chini yake kidogo tu.

Mtahini mmoja, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alitoka humo mbio akaacha miwani yake ndani. Nje alijichekesha. "Bibiye, ungeniua," alisema. Walimpa alama za juu kuliko wote. Hawakujua kwamba asubuhi ile, kabla ya kuiwasha mitambo, Niyoti alitapika nyuma ya jengo.

Ndivyo kazi yake ilivyoanza. Miaka kumi na mitatu iliyofuata alifanya maonyesho Mumbai, Kochi, Kolkata, na mara mbili Ulaya. Bibi mmoja mwenye ukumbi wa sanaa Delhi, Sumedha Kaul, alimchukua chini ya bawa lake, akamtafutia wanunuzi na makumbusho. Kazi aliyojulikana nayo zaidi ilikuwa ya milango. Watu wetu wakihama huchukua milango, maana mbao ni ghali, na mingi hukaa imeegemezwa ukutani kwa miaka bila nyumba ya kuifungia. Niyoti alikuja kuiazima arobaini, akaitundika katika ukumbi mmoja Mumbai, kila mlango na sauti ya mwenyewe akieleza nini kilikuwa nyuma yake.

Hakupendwa na kila mtu kwa hilo. Jirani yao Tilottoma, mwanamke mwenye ulimi na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, alimpa mlango wake lakini hakumpa bila maneno.

"Mwaka huu milango. Mwaka kesho utakuja kutuazima vyoo?"

"Shangazi, nitaurudisha."

"Wewe rudisha, usirudishe, nyumba ya kuufunga iko wapi? Sisi tumepoteza nyumba, wewe umepata jina. Haya, beba. Ushike chini, bawaba hiyo mbovu."

Niyoti aliurudisha, na bawaba ameitengeneza. Lakini maneno yale yalimkaa.

Delhi alipanga ghorofa ya tatu, na kabla ya kukubali nyumba yoyote alipiga magoti akagonga sakafu kila chumba, wenye nyumba wakimwona mwendawazimu. Aliogopa lifti. Aliogopa madaraja. Kuanzia Juni hadi Oktoba aliogopa simu. Baba yake alifariki kwa kifua, na mama yake akabaki peke yake katika ile nyumba, na kila Jumapili Labanya alipiga simu kumsalimia, akamweleza bei ya samaki na nani ameoza binti, na mwishoni kabisa, kama anayetaja hali ya hewa, alisema: "Leo hatua mia na tisini." Ndizo zilizobaki kutoka mlangoni hadi mtoni. Mwaka uliofuata zikawa mia na kumi. Mwaka uliofuata tena, sitini na nne.

"Ma, njoo Delhi."

"Nije nikae ghorofani kama njiwa? Nina mtande wa nyuzi kwenye kitanda changu cha kufumia. Nikimaliza nitafikiria."

Kila mara palikuwa na mtande mpya.

Mwaka huo wa hatua sitini na nne Sumedha alimpatia ukumbi mkubwa kuliko wote aliowahi kupewa. Niyoti akamweleza anachotaka: atachimbia maikrofoni ndani ya ardhi, sita, kuanzia ukingoni hadi nyuma ya nyumba ya mama yake, asikilize ardhi kwa ndani inapojiandaa kuanguka.

"Na nyumba ikianguka kweli?" Sumedha aliuliza.

"Dada Sumedha, itaanguka tu. Sijui lini."

Kwa watu wa magazeti alisema anataka dunia isikie. Labda alitaka. Lakini ukweli ni kwamba kilichomtafuna tangu utotoni hakikuwa kuanguka kwenyewe. Ilikuwa kutojua lini, na alifikiri kwamba akiweza kusikia kabla, hofu hiyo itamwachia.

Alifika mwanzoni mwa Septemba, maji yakiwa yameanza kushuka. Alishuka kwenye kivuko na masanduku manne na betri za gari. Alipima hatua mwenyewe kabla hata ya kunywa chai. Hamsini na moja. Mume wa Tilottoma, Horokanto, mzee mpole asiyeongea sana, alimsaidia kupigilia mabomba ya chuma ardhini, na ndani ya kila bomba wakateremsha maikrofoni. Namba moja ilikuwa hatua nne kutoka majini. Namba sita ilikuwa nyuma ya jiko, karibu na mipopoo. Nyaya zote ziliingia kwenye kinasa sauti kidogo, chenye maikrofoni yake pia, alichokifunga kiunoni, na kompyuta aliiweka barazani.

Alipovaa hedifoni mara ya kwanza alizivua upesi. Alitarajia kimya. Kumbe ardhi inaongea muda wote. Mchanga ulikuwa unatiririka huko chini, ssss, kama mchele unaomiminwa katika ungo, unanyamaza, unaanza tena. Alizivaa upya akasikiliza mpaka masikio yakauma. Labanya alimletea bisi za mchele na maziwa ya mgando, akaziacha pembeni yake zikalainika.

"Inasemaje?" mama aliuliza.

"Inatembea, Ma."

"Hilo ningekuambia bila betri."

Siku ya pili Tilottoma alipita njiani akasimama. Alitazama mabomba, akatazama kamera ya Niyoti iliyosimamishwa juu ya miguu ya chuma.

"Yaani unangoja nyumba ya mama yako ianguke upige picha?"

Niyoti aliinama kwenye nyaya zake. Alihisi uso unawaka. Labanya ndiye aliyejibu kutoka ndani, kwenye kitanda chake cha kufumia: "Tilottoma, tambuu iko kwenye sinia. Weka mdomoni, upate kazi huo mdomo."

Siku ya tatu, saa nne kasorobo, Niyoti alikuwa barazani na hedifoni. Mvua ilikuwa imekatika, jogoo wa Tilottoma anawika ovyo. Alipitia maikrofoni moja baada ya nyingine. Namba moja, shwari. Namba mbili, shwari. Tatu, nne na tano zilikuwa na mtiririko kidogo wa kawaida. Namba sita ilikuwa inanguruma.

Alifikiri amechanganya nyaya. Namba sita ndiyo ya mbali na mto kuliko zote. Aliinama akaangalia alama za rangi alizozifunga, akazifuata kwa kidole, moja moja. Nyaya zilikuwa sawa. Akasikiliza tena. Haikuwa tena mchele kwenye ungo, ilikuwa sauti nzito, ya kokoto zinazovingirika, na katikati yake mlio mwembamba wa mizizi inayokatika, tik, tik. Sauti haikutoka mbele yake. Ilikuwa nyuma yao.

Alizunguka nyumba. Nyuma ya jiko, kati ya mipopoo, majani yalikuwa yamefunguka kwa mstari, kuanzia bondeni kwenye kijito cha zamani ambacho sote tulikisahau, hadi karibu na njia ya kwa Horokanto. Mto ulikuwa umejipenyeza huko kwa pembeni, chini kwa chini. Ufa ulikuwa na upana wa paja. Alipotazama ndani hakuona mwisho, aliona weusi tu na akasikia maji. Nyumba, yeye, mama yake na hatua zote hamsini na moja walikuwa upande usio wa kisiwa.

Mtoto aliyezoea kukimbia na ndoo tupu alisimama pale ameganda, na alipofungua mdomo hapakutoka kitu. Ule mpopoo wa mbele yake uliinama kidogo. Hapo ndipo sauti ilipomtoka.

"Ma! Toka! Toka sasa hivi!"

Labanya alikuwa kwenye kitanda chake, mkanda wa kufumia umemzunguka kiuno. "Imebaki mikono miwili tu ya kitambaa. Nimalizie."

"Ma, ufa uko nyuma! Nyuma ya jiko!"

Mikono ya mama yake ilisita. Lakini hakuinuka. Aliupitisha uzi tena, na tena, haraka haraka, kana kwamba anaweza kuzifuma zile nyuzi zote zilizobaki kabla ya kitu chochote kutokea. Niyoti alichukua panga la kupasulia mianzi lililokuwa mlangoni.

"Usikate! Mtande sikati mimi! Niyoti, usithubutu!"

Alikata. Mtande mzima ulirudi nyuma na kulala sakafuni. Labanya alimpiga kofi la uso, kofi la nguvu, la kwanza maishani. Kisha sakafu ikatikisika chini yao wote wawili, na mama akamshika mkono.

Tilottoma alikuwa amesikia kelele. Alikuja na Horokanto wakiburuta mlango, mlango ule ule uliokuwa na bawaba mbovu, maana ndio uliokuwa karibu, wakautupa juu ya ufa ambao sasa mtu asingeweza kuuruka. Labanya alipita kwanza, kwa magoti, Tilottoma akimvuta kwa mikono yote miwili na kumtukana mto, serikali na mama mzazi wa kila mhandisi. Niyoti akafuata. Alipofika ng'ambo aligeuka. Kompyuta ilikuwa barazani, taa yake inawaka. Mguu wake mmoja ukarudi juu ya mlango. Alipokuja kusimulia alisema hajui mguu ule ulitaka nini.

Tilottoma alimkamata kwa nywele.

"Rudi uone! Mimi simwokoi mtu mara mbili!"

Waya ulimkatikia kiunoni alipovutwa. Baada ya hapo ilikuwa kama pumzi tano. Mipopoo ilikwenda kwanza, mmoja mmoja, ikiwa imesimama wima. Kisha jiko. Kisha nyumba yote ilishuka kwa pamoja, bila haraka, na paa la mabati likabaki juu ya maji kwa muda, likielea na kuzunguka kama sinia, kabla mkondo haujalilaza ubavu. Mshindo ulikuja baadaye. Niyoti aliusikia kwa nyayo.

Labanya alikaa chini kwenye majani. Watu walimfunika kitambaa, wakampa chai ya rangi, hakuinywa. Niyoti alikuwa analilia vile vinyago vya baba yake, vyote saba, vilivyokuwa vinaning'inia ndani, ambavyo wakati wa kukimbia hata hakuvikumbuka.

"Havikuwamo," mama yake alisema.

"Vilikuwa ukutani, Ma. Sebuleni."

"Vile vya sebuleni ni vya kuiga, vya wanafunzi wake. Vyake nilivipeleka kwa watawa mwezi wa sita. Na picha za harusi. Na hati ya shamba."

Niyoti alimtazama. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa." Aliivuta chai karibu, akaishika tu. "Naogopa tangu siku nilipoolewa hapa. Ungetaka nikuambie? Wewe uliyekuwa unarudi mbio kwa kila tope lililopasuka? Ningekuambia na mimi naogopa, ungekwenda kwa nani?"

Baada ya hapo Labanya aliishi juu ya tuta la kuzuia mafuriko, katika kibanda cha mabati pamoja na familia nyingine zilizopoteza makazi. Alikwenda Delhi akakaa wiki tatu, akarudi. Niyoti alibaki na kinasa sauti chake. Ndani yake mlikuwa na dakika arobaini: kokoto, mizizi, mama yake akisema sikati mimi, kofi, na mkatiko wa waya. Alimsikilizisha Sumedha. Sumedha alilia, kisha akasema, "Hii ndiyo kazi ya maisha yako."

Ilionyeshwa Februari, katika ule ukumbi mkubwa. Watu walipanga foleni hadi barabarani. Waliingia gizani, wakakanyaga sakafu ya udongo halisi wa Majuli uliosafirishwa kwa magunia, na ardhi ikanguruma chini yao. Wengi walitoka wakiwa wameshikana mikono. Niyoti mwenyewe hakuweza kuingia. Siku zote tisa alikaa nje kwenye meza ya vipeperushi, na kila mara mlango ulipofunguliwa na ule mngurumo ukatoka, alishika ukingo wa meza.

Siku ya sita alimleta mama yake. Labanya aliingia na sari yake nzuri, akatoka baada ya muda mfupi, ameshikilia ukuta.

"Hawa watu wote," aliuliza, "wakitoka humu wanakwenda wapi?"

"Nyumbani kwao, Ma."

"Wanakuta nyumba iko?"

"Iko."

"Basi niondoe humo. Ardhi waache waisikie. Lakini mimi siku ile nilikuwa mjinga, nilikuwa namwambia mwanangu aache nife kwa mikono miwili ya kitambaa. Hiyo siyo ya watu wa foleni."

Niyoti alikata sauti ya mama yake siku hiyohiyo. Sumedha alikasirika, akasema ameitoa roho ya kazi, na kwa miezi kadhaa hawakuzungumza. Huenda alikuwa na haki. Kazi iliuzwa hata hivyo, kwa jumba moja la makumbusho, nayo iko huko.

Juni iliyofuata alirudi na maikrofoni kumi na mbili, akazichimbia kando ya tuta, na honi ya lori kwenye kibanda cha Horokanto. Hakuna aliyemwomba. Alisema atasikiliza na akisikia kitu atapiga honi. Mara ya kwanza aliipiga katikati ya mvua kubwa, saa sita mchana, watu wakakimbia na ng'ombe, magunia na wagonjwa wao hadi kwenye barabara ya juu, wakalowa huko mpaka jioni. Hapakuanguka hata bonge. Kumbe lilikuwa kundi la nyati walioshuka majini karibu na bomba namba nane. Tilottoma alimsema siku tatu mfululizo, kwa zamu, asubuhi na alasiri.

Mara ya pili, Agosti, alisikia tena. Kokoto, kisha mizizi. Aliuweka mkono juu ya honi na hakuibonyeza. Vipi kama ni nyati? Vipi kama kuna mtoto mwenye homa? Alitazama saa. Alijiambia atangoja dakika moja zaidi ahakikishe, halafu moja nyingine. Jasho lilimtiririka hadi kwenye hedifoni. Chini ya tuta aliwaona watu wakikoka moto, mtu anamsuka mwenzake nywele, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua au anadhani anajua. Dakika kumi na moja zilipita hivyo. Kisha akabonyeza na hakuachia.

Walitoka wakinung'unika, taratibu, wengine wakicheka. Ghala la Horokanto lilikwenda pamoja na mazizi matatu. Hakuumia mtu. Walimbeba juu juu, wakamvisha kitambaa cha heshima shingoni, na yeye alitetemeka kiasi kwamba walidhani ana malaria. Habari ya zile dakika kumi na moja alimweleza mama yake tu, na baadaye sana akatueleza sisi.

Sasa ana miaka arobaini na mmoja. Bado anafanya maonyesho, wakati wa kiangazi, madogo kuliko zamani. Yeye na Sumedha walipatana. Kuanzia Juni hadi Oktoba yuko hapa. Zamu za kusikiliza sasa ziko nne, za wanakijiji wenyewe, na mwenye sikio kali kuliko wote ni Tilottoma. Mwaka jana, Septemba, Tilottoma alivua hedifoni akasema, "Namba kumi kuna kitu." Niyoti akazivaa. Hakusikia kitu, mtiririko mdogo tu.

"Shangazi, ni kawaida hiyo."

"Siyo kawaida."

"Mimi sisikii."

"Wewe umechoka. Mimi nakuambia kipo." Uso wake ulikuwa umepauka, na Niyoti hakuwahi kumwona Tilottoma akiwa hivyo, hata ile siku ya ufa. "Naogopa," alisema, kwa sauti ndogo.

Niyoti alibonyeza honi. Watu walipanda barabara ya juu, wakangoja. Mchana ulipita, pakawa kimya. Hakuna aliyemlaumu mtu. Walikula wali wa jana na pilipili, wakatazama chini kwenye vibanda vyao. Kesho yake, kwenye saa tano, wakati baadhi walikuwa wameanza kukunja vitu warudi, hatua ishirini za tuta ziliingia mtoni, pamoja na bomba namba kumi. Tilottoma alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Labanya akaenda akakaa kando yake, akamfungulia tambuu.